Muuguzi wa Rwanda na heshima yake, kutoka Gahini hadi Kanombe

Nchini Rwanda muuguzi ameheshimiwa pale alipopewa ruhusa ya kuamua jambo, na amedharauliwa pale alipofanywa mkono wa daktari tu. Historia ya karne nzima inaonyesha hivyo, na Kanombe ni mahali panapolidhihirisha jambo hilo kuliko pengi. Kata hiyo iko mashariki mwa jiji la Kigali, wilaya ya Kicukiro, na ndani yake vimepakana uwanja wa ndege wa kimataifa, kambi ya jeshi, na hospitali ya kijeshi ya rufaa na mafunzo ambayo leo sehemu kubwa ya wagonjwa wake ni raia. Wodi zake zimepitiwa na karibu kila aina ya muuguzi ambaye Rwanda huru imewahi kumfunza: msaidizi mwenye cheti cha sekondari, askari mwenye cheo begani, mkunga wa stashahada, mtaalamu wa shahada ya uzamili.

Kabla ya hospitali, kumuuguza mtu ilikuwa kazi ya ndugu na majirani. Mganga alijua mizizi na majani, mkunga wa jadi alizalisha, lakini kumwosha mgonjwa, kumlisha na kukesha naye ulikuwa wajibu wa nyumba. Aliyezidiwa alibebwa na watu wa kilima chake katika ingobyi, machela ya kusukwa, wakipokezana mabega njia nzima. Vyama vya kubebana kwa ingobyi viliendelea kuwapo vijijini muda mrefu baada ya magari ya wagonjwa kufika nchini, na mwenye kukwepa zamu yake alitozwa faini.

Desturi hiyo haikukoma hospitali zilipojengwa. Katika wodi za Rwanda, sawa na zile za Tanzania, Uganda na Kongo, ndugu wa mgonjwa ndiye anayeleta uji, anayefua shuka na anayemsaidia mgonjwa kujigeuza kitandani. Kwa sababu hiyo, uangalizi wa mwili saa kwa saa, ambao Ulaya ndio uliomjengea muuguzi jina tangu enzi za Florence Nightingale na Vita vya Krimea, huku ulibaki mikononi mwa mama, dada na shangazi. Muuguzi alijulikana kwa mambo mengine: sindano, dawa na daftari. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na wengi wanaoandika kuhusu uuguzi wa Afrika huipita bila kuiona. Mnyarwanda hakumpenda muuguzi kwa kuwa amemfuta jasho. Alimheshimu kwa kuwa alikuwa na elimu ambayo nyumbani hapakuwa na mtu aliye nayo.

Sindano ilitangulia. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers walifika Save, kusini mwa nchi, mwaka 1900, na masista waliowafuata walitibu wagonjwa katika vituo vya misheni. Katika miongo ya mwanzo ya ukoloni sindano ya buba ilijipatia sifa kote Afrika Mashariki na Kati, kwa kuwa vidonda vilivyomtesa mtu miaka vilikauka ndani ya siku chache, na watu waliona kwa macho yao. Sifa hiyo ilimwangukia aliyeshika sindano, awe Mzungu au kijana wa kilimani aliyefundishwa kuchemsha vyombo na kufunga vidonda.

Upande wa mashariki, kando ya Ziwa Muhazi, Waanglikana wa misheni ya Ruanda walianza kituo cha Gahini mwaka 1925, na hospitali ikasimama mwishoni mwa muongo huo. Daktari Joe Church alifika mwaka 1928, wakati njaa kali iliyopewa jina la Rwakayihura ilipokuwa ikiua watu. Jambo lililoifanya Gahini ijulikane hadi pwani ya Bahari ya Hindi lilianzia kwa wafanyakazi wa wodini. Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi Waafrika wa hospitali hiyo, alikuwa na manung'uniko mengi juu ya kazi na juu ya mahusiano na wakubwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Kampala kuonana na mhubiri Mganda Simeoni Nsibambi, akarudi mtu mwingine, na hospitali ikawa moja ya vitovu vya vuguvugu la Kikristo lililoitwa Uamsho wa Afrika Mashariki. Kinuka baadaye aliwekewa mikono kuwa mchungaji na kuhubiri nchi kadhaa. Vitabu vya dini vinamkumbuka kama mhubiri. Historia ya uuguzi ina haki ya kumdai pia, kwa sababu ni mmoja wa wafanyakazi wa kwanza wa wodi katika eneo hili ambao jina lao limebaki, na ambao watu wa kawaida waliwasikiliza kama viongozi.

Serikali ya Ubelgiji, iliyoitwaa Rwanda kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, ilichukua njia yake. Ubelgiji wenyewe ulikuwa mchanga katika uuguzi wa kisasa: shule iliyoweka msingi wake mjini Brussels ilifunguliwa mwaka 1907 chini ya Mwingereza Edith Cavell, ambaye Wajerumani walimpiga risasi mwaka 1915, na kabla ya hapo wodi nyingi za nchi hiyo zilikuwa mikononi mwa masista. Koloni lilirithi mpango wa watawa, ambamo msichana wa wodini alifundishwa usafi na utii kwanza, maarifa baadaye. Kwa wavulana mambo yalikuwa tofauti kabisa. Shule ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare na sasa Huye, ilianza kufundisha mwaka 1932 chini ya mabruda wa Kibelgiji. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa machifu. Pamoja na makarani, maofisa kilimo na wasaidizi wa mifugo, iliwatoa wasaidizi wa tiba walioweza kupima mgonjwa, kuagiza dawa na kusimamia zahanati nzima. Wanafunzi wa shule hiyo waliitwa Indatwa, yaani watu wa kujivunia, na jina hilo lingali katika shule iliyorithi majengo yake.

Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipoonekana. Mwanamume aliyetoka Astrida alikuwa bwana mkubwa kilimani, na wengi walimwita daktari. Msichana aliyefundishwa na masista kuzalisha na kupima watoto uzito aliheshimiwa kwa tabia njema, na mara chache kwa elimu yake. Nchi jirani ya Uganda ilikuwa na historia nyingine: kwenye hospitali ya misheni ya Mengo, Katharine Cook alianza kuwafundisha wasichana ukunga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na wakunga hao wakapelekwa vijijini kusimamia vituo vyao wenyewe. Rwanda ilichelewa kumpa mwanamke nafasi kama hiyo, na kuchelewa huko kuliendelea kuigharimu hata baada ya uhuru.

Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, nchi haikuwa na shule ya kufunza madaktari. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka uliofuata, kitivo cha tiba kikiwa miongoni mwa vitivo vyake vya kwanza, na kadiri madaktari walivyoongezeka ndivyo nafasi ya msaidizi wa tiba ilivyopungua. Uuguzi ukapangwa kwa ngazi zilizofuata mtindo wa Kibelgiji: A3 chini, kisha A2, A1 na A0 juu. Kwa miongo mingi muuguzi wa kawaida wa Rwanda alikuwa A2, yaani kijana aliyesomea uuguzi ndani ya shule ya sekondari na kuingia wodini akiwa na umri wa takriban miaka ishirini. Huyo ndiye aliyebeba nchi. Aliendesha kituo cha afya, alizalisha, alishona majeraha, alitoa chanjo, na usiku ndiye aliyekuwa peke yake.

Hospitali ya Kanombe ilianzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya wanajeshi na familia zao. Ndani ya jeshi swali la heshima lilikuwa na jibu la haraka: muuguzi mwenye cheo hupigiwa saluti na mgonjwa mwenye cheo cha chini, na amri yake wodini haijadiliwi. Lakini mkazi wa kawaida wa Kanombe, mkulima au kibarua wa uwanja wa ndege, aliipita hospitali hiyo kwa nje tu.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kanombe, na mabaki yake yakaangukia eneo la makazi yake karibu na hapo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Hospitali hazikuwa kimbilio. Mjini Butare, mwishoni mwa Aprili, wagonjwa na wafanyakazi takriban 150 waliuawa katika hospitali ya chuo kikuu, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likalazimika kuondoka. Wauguzi walikuwa miongoni mwa waliouawa, miongoni mwa walioficha watu, na pia, ni lazima isemwe, miongoni mwa waliopatikana na hatia ya kushiriki. Tarehe 22 Mei wapiganaji wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali, waliuteka uwanja wa ndege na kambi ya Kanombe.

Kilichovunjika hapo kilikuwa kikubwa kuliko majengo. Mgonjwa humkabidhi muuguzi mkono wake achomwe sindano bila kuuliza kuna nini ndani ya bomba. Katika nchi ambayo mlinzi wa jana alikuwa amegeuka muuaji, imani hiyo ilihitaji kujengwa upya kwa mtu mmoja mmoja. Wauguzi waliobaki walikuwa wachache. Wengine waliorudi kutoka uhamishoni Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire walikuwa wamesoma kwa mitaala tofauti, hawa kwa Kifaransa, wale kwa Kiingereza, na katika hospitali ya Kanombe, iliyochukuliwa na jeshi jipya, Kiswahili cha kambini kilikuwa moja ya lugha zilizowaunganisha.

Uamuzi uliobadilisha Kanombe ulikuwa kuwafungulia raia milango baada ya mwaka 1994. Mama mjamzito wa mtaani na sajenti wa jeshi wakawa wanapanga foleni moja. Tangu mwaka 2009 jeshi limekuwa pia likipeleka matabibu na wauguzi wilayani katika juma lake la huduma kwa wananchi, wakiwatibu hasa manusura wa mauaji ya kimbari wenye majeraha ya zamani. Kwa wengi wa manusura hao, kufungwa kidonda na mtu aliyevaa sare ya jeshi lilikuwa jambo zito. Wauguzi wa jeshi wamehudumu pia Bria, Jamhuri ya Afrika ya Kati, katika hospitali ya Rwanda iliyo chini ya kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa.

Elimu nayo ilianza kupandishwa. Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyojulikana kwa kifupi KHI, ilianzishwa mwaka 1996 na kufundisha uuguzi wa baada ya sekondari. Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea nje ya madarasa, kwenye vituo vya afya vya vilimani. Rwanda ina zaidi ya vituo 500 vya namna hiyo, na kwa kawaida mkuu wa kituo ni muuguzi. Yeye ndiye anayeshika funguo za stoo ya dawa, anayeandika taarifa ya mwezi, anayeamua nani apelekwe hospitali ya wilaya na nani atibiwe hapo hapo. Bima ya afya ya jamii ilipoenea nchi nzima katikati ya miaka ya 2000, watu waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa fedha walianza kufika. Mwaka 2006 mfumo wa kulipa vituo kulingana na kazi na ubora wake ulienezwa nchini kote, na kazi ya muuguzi ikapimwa na kulipwa kwa matokeo yake.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilimpa muuguzi nafasi nyingine. Kulikuwa na madaktari wachache mno kuandikia kila mgonjwa. Kuanzia mwaka 2005 wauguzi wa vituo vitatu vya vijijini walijaribiwa katika kazi ya kuanzisha tiba na kufuatilia wagonjwa, matokeo yakawa mazuri, na kufikia mwanzoni mwa muongo uliofuata ruhusa hiyo ilikuwa imeenea nchini. Wapo waliohofu kwamba wagonjwa wangekataa kuandikiwa dawa na mtu asiye daktari. Hofu hiyo haikuwa na msingi: mgonjwa wa kilimani alikuwa amekwisha kumwita muuguzi huyo muganga, yaani daktari kwa Kinyarwanda, miaka mingi kabla ya wizara kumruhusu.

Takwimu za uzazi ndizo zinazosema kwa sauti kubwa zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2000, asilimia 27 tu ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, na vifo vya wajawazito vilikadiriwa kuwa 1,071 kwa kila watoto hai 100,000. Katika utafiti wa mwaka 2019 na 2020, waliozaliwa vituoni walikuwa asilimia 93, na vifo vilikuwa 203. Sera zilisaidia, barabara zilisaidia, wahudumu wa afya wa jamii waliowahimiza kina mama kwenda kliniki walisaidia sana. Hata hivyo, mkono uliopokea wengi wa watoto hao ulikuwa wa mkunga au muuguzi, na nchi yoyote inayojisifia takwimu hizo inamsifia yeye, hata isipomtaja.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika miaka hiyo hiyo muuguzi wa A2 alianza kuambiwa kuwa hatoshi. Mwaka 2007 hivi mafunzo ya uuguzi katika shule za sekondari yaliondolewa, na shule tano, Kabgayi, Rwamagana, Nyagatare, Byumba na Kibungo, zikaanza kutoa stashahada ya A1 ya miaka mitatu. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga, lenye mamlaka ya kusajili, kutoa leseni na kuwaadhibu wanaovunja maadili. Hatua hizo zilihitajika. Kazi isiyo na usajili haiwezi kujilinda, wala kumlinda mgonjwa. Lakini mtu aliyeendesha kituo cha afya miaka ishirini, akiwa amezalisha nusu ya vijana wa kijiji, alijikuta chini ya binti aliyehitimu jana. Mwaka huo huo wa 2008 serikali iliamua kuhamisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mtu huyo huyo akatakiwa asome upya kwa lugha asiyoijua. Mpango wa masomo kwa njia ya mtandao, ulioanza miaka michache baadaye, uliwawezesha wengi kupanda kutoka A2 hadi A1 bila kuacha kazi. Walisoma usiku, baada ya zamu. Nchi haijawashukuru inavyostahili.

Mwaka 2012 serikali, kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Marekani, ilianza mpango mkubwa wa kuongeza wataalamu wa afya, wakati Agnes Binagwaho akiwa waziri. Walimu wa uuguzi kutoka Marekani waliwekwa bega kwa bega na wenzao Wanyarwanda katika hospitali za kufundishia, Kanombe ikiwa mojawapo. Mwaka 2013 taasisi za elimu ya juu za serikali ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwaka 2015 chuo hicho kilianza shahada ya uzamili ya uuguzi yenye michepuo minane. Watu wengi mjini walishangaa kusikia kwamba muuguzi anaweza kuwa na shahada ya pili na bado akarudi wodini. Mshangao huo ulionyesha jinsi kazi hii ilivyokuwa ikionekana: ngazi ya kupitia, kwa mtu aliyekosa alama za kusomea udaktari.

Kanombe yenyewe ilipanda ngazi mwaka 2019, kituo cha saratani chenye mashine za mionzi kilipoanza kazi katika hospitali ya kijeshi. Kabla ya hapo mgonjwa wa Rwanda aliyehitaji mionzi alisafiri nje ya nchi, na mashine ya Mulago mjini Kampala ilipoharibika mwaka 2016 hali ikawa mbaya zaidi. Muuguzi wa saratani hana kazi nyepesi. Anakaa na mgonjwa wiki nyingi mfululizo, anaangalia ngozi iliyoungua kwa mionzi, anapima maumivu, anajibu maswali ambayo familia inaogopa kumwuliza daktari. Hapa uangalizi wa mwili, ule ulioachiwa ndugu kwa vizazi, unarudi kuwa ujuzi wa kitaaluma.

Malalamiko, hata hivyo, hayajaisha. Magazeti na redio za Kigali zimeyapokea kwa miaka mingi: kusubiri kwa muda mrefu, majibu ya mkato, na mama mwenye uchungu wa kuzaa kukaripiwa. Mengi ni ya kweli. Serikali imejibu kwa kampeni za huduma bora na masanduku ya maoni. Lakini tabasamu halipunguzi foleni. Bima ya afya ilileta wagonjwa wengi kwa kasi kubwa kuliko vyuo vilivyoleta wauguzi, na mtu aliye peke yake zamu ya usiku na vitanda vingi hawezi kuwa mpole kwa kila mmoja saa kumi alfajiri. Ukali wa wodini ni kosa, na chanzo chake mara nyingi ni orodha ya zamu.

Kisha ukaja ugonjwa wa Marburg. Serikali ilitangaza mlipuko huo tarehe 27 Septemba 2024. Ulikuwa umeingia hospitalini kabla haujatambuliwa, na takriban asilimia 80 ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao kutoka hospitali mbili za Kigali. Wauguzi wa wodi za wagonjwa mahututi, ambao kazi yao huwaweka karibu kabisa na damu na jasho la mgonjwa, walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko karibu watu wote. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba 2024, walioambukizwa walikuwa 66 na waliofariki 15. Kiwango hicho cha vifo ni cha chini sana kwa ugonjwa ambao katika milipuko ya nyuma uliua kwa wastani takriban nusu ya wagonjwa. Chanjo ya majaribio ilianza kutolewa ndani ya siku kumi, kwanza kwa wahudumu wa afya. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wagonjwa wawili waliowekewa mashine ya kupumulia walitolewa na kupona, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika kwa wagonjwa wa Marburg. Mashine hiyo haijiendeshi. Mtu aliye kwenye mpira wa kupumulia anahitaji muuguzi wa kumnyonya makohozi, kumgeuza, kusafisha kinywa chake na kusoma kila badiliko dogo la mapigo, mchana na usiku, na wauguzi hao walifanya hivyo wakiwa wamevaa mavazi ya kinga yanayobana joto mwilini, huku wenzao wakizikwa.

Katika miezi hiyo muuguzi alitajwa kwa sifa, si kwa lawama. Mlipuko huo pia ulionyesha wazi gharama ya uchache wao: muuguzi mmoja anapougua, wodi nzima hubaki na pengo.

Mpango wa kuliziba pengo hilo ulikuwa umekwisha kuanza. Julai 2023 Wizara ya Afya, chini ya Waziri Sabin Nsanzimana, ilizindua mpango uitwao 4x4, wa kuongeza wataalamu wa afya mara nne ndani ya miaka minne, wauguzi na wakunga wakiwa sehemu kubwa yao. Ili wote hao wafundishwe, hospitali za wilaya zimelazimika kuwa za kufundishia, na zile za zamani za kufundishia kupokea wanafunzi wengi zaidi katika kila zamu, Kanombe ikiwa miongoni mwao. Mwanafunzi wa uuguzi anayeingia huko leo anakuta kazi yenye baraza lake, leseni yake na shahada hadi ya uzamili, na anakuta pia ndugu wa wagonjwa wamekaa kando ya vitanda na chupa zao za uji. Kinachosubiriwa kutoka kwa wizara na baraza ni sheria na mishahara ya kuwapa wahitimu wa michepuo ile minane nafasi za kazi zinazolingana na walichosomea, kwa sababu wengi wao wamerudi kwenye wodi zile zile, kwa majukumu yale yale waliyokuwa nayo kabla ya kwenda chuoni.